Lokorio Alinicheka Kwa Maikrofoni

Habari zenu. Mimi ni Nakiru, wa hapa Isiolo mjini, na nitasema yote, hata yale yasiyopendeza.

Miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa sauti wa Lokorio, mwenye spika kubwa za kukodisha. Kwa harusi, kwa mikutano ya injili, mimi ndiye niliyekaa kwenye mtambo. Mwimbaji akipotea kidogo tu, nilijua.

Kwanza ulikuja mlio, kama nyenje ndani ya kichwa. Haukulala. Halafu nikaanza kusikia nusu nusu. Binti yangu akisema "sita," mimi nasikia "ita." Nikamwomba Lokorio aniweke mbali na spika. Akajibu, "Masikio ni yako, spika ni zangu."

Kwenye harusi moja kule Gotu niliongeza sauti nyembamba kwa sababu sikuisikia. Spika zikapiga yowe. Wageni wakaziba masikio, watoto wakalia. Lokorio akachukua maikrofoni, akasema neno, na watu wote wakanigeukia wakicheka. Dada yangu Asekon ndiye aliyenieleza, mdomo kwenye sikio langu: "Amesema mtusamehe, fundi wetu ni kiziwi."

Alinifuta kazi pale pale, mbele ya bibi harusi. Sikulia. Niliapa nitamlipiza.

Asekon akanipeleka hospitali. Daktari alinipima, akasema, "Mama, vinyweleo vya ndani ya sikio vimekufa. Haviwezi kuota tena. Lakini vifaa vya kusikia vitakusaidia."

Siku ya kwanza kuvivaa, karatasi ilinguruma kama mabati. Kutafuna kwangu mwenyewe kulinitia kichefuchefu. Kichwa kiliniuma wiki tatu. Nilivivaa tu. Hasira ilinisukuma kuliko dawa.

Nikajifunza kazi upya, kwa masikio na kwa kuangalia taa za mtambo zinazoonyesha ukali wa sauti, nikanunua spika zangu. Kisha nikawaendea wateja wa Lokorio mmoja mmoja. Niliwaambia wazi: huyu anawaharibia masikio. Leo wengi wao ni wangu.

Mwezi uliopita Lokorio alikuja nyumbani kwangu. Kila nikisema kitu, anauliza, "Ati?" Alitaka nimwelekeze kwa daktari. Nikamwacha aulize mara tatu, majirani wakisikia, ndipo nikamwandikia jina la daktari. Nilifurahi, sitaficha.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Asekon. Na nyinyi waimbaji na mafundi, mlio wa sikio msiuzoee. Vaeni vizibo vya masikio, kaeni mbali na spika, mkapimwe mapema.

Mchungaji huniambia nimsamehe Lokorio. Namsikia vizuri kabisa. Lakini bado.