Mbawakawa Aliyepakwa Poda

Kama kuna mtu aliyejiona bingwa wa mwanga, basi ni Mzee Kidevu. Jina hilo alipewa na wateja wake wa picha za pasipoti, maana hakuna aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha studio, mbele ya pazia la bluu, asiambiwe, "Inua kidevu kidogo." Alikuwa na maneno hayo, miavuli miwili ya kulainisha mwanga, na kopo la poda kwa ajili ya pua zinazong'aa. Kwa silaha hizo tatu aliamini hakuna sura itakayomshinda.

Ndiyo maana binti yake, mwalimu wa sayansi, aliposema mezani kwamba kitabu chake cha wadudu kwa ajili ya watoto hakijapata picha ya jalada, mzee alidakia kabla hajaulizwa.

"Niletee huyo mdudu. Nimeshapiga picha wakubwa wa kila aina, sembuse mbawakawa?"

Binti akamtazama mama yake. Mama akatazama sahani.

"Sawa, Baba. Ila mpiga chapa anaitaka kesho jioni. Ikishindikana nitatumia ya mwenzangu wa kazini, kaipiga kwa simu."

Kwa simu! Simu zilikuwa zimemnyang'anya wateja, na sasa zinamtaka na binti yake. Usingizi wenyewe aliupata kwa shida.

Asubuhi mbawakawa akaletwa ndani ya kikopo, kijani cha kumetameta, mdogo kama punje ya hindi. Mzee akamweka juu ya jani, akafunga kwenye kamera lenzi ya vitu vidogo aliyoiazima, akasogea. Kumbe ili mdudu ajae kwenye picha, lenzi inabidi imkaribie nusura imguse, na ikimkaribia hivyo inamzibia mwanga wote. Picha ya kwanza ikatoka giza tupu. Akawasha flashi, ya pili ikatoka na doa jeupe mgongoni, utadhani mdudu kamwagikiwa maziwa. Akaleta mwavuli. Ulikuwa mkubwa kuliko meza, ukaangusha kikopo na chai yake pia.

"Inua kidevu kidogo," akajikuta anamwambia mbawakawa, kisha akageuka haraka kuona kama kuna aliyemsikia.

Hapo ndipo uzoefu ulipomponza. Kitu kikizidi kung'aa, dawa yake si poda? Akachovya brashi, akampaka mdudu mgongo mzima, taratibu, kwa heshima zote.

Binti akaingia wakati huohuo.

"Baba! Umemfanya nini?"

"Nimempunguza mng'ao tu."

"Huo mng'ao ndio watoto watakaomtambua nao! Sasa kama katoka mashine ya unga."

Mzee akabaki ameshika brashi. Bingwa wa mwanga mzima, na alichokijua ni kuuzima! Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti hakukasirika. Alimhurumia.

"Basi, Baba, usijali. Nitatumia ile ya simu."

"Mwanangu, nipe mpaka jioni. Nakuomba."

Wakamwosha mbawakawa kwa pamba yenye maji, naye akawa anatembea zake kama mwenye miadi mahali pengine. Mzee akakuna upara. Aliyehitaji kulainishwa si mdudu, ni flashi. Na mwavuli wa mteja kama huyu lazima uwe mwepesi, mweupe, umkae karibu kabisa. Akatazama huku na huku, hakuona kitu. Akavua shati, halafu fulana. Ncha moja akaiuma kwa meno, nyingine akampa binti, wakaitandaza mbele ya flashi. Akabonyeza, huku tumbo likiwa wazi.

Mwanga ukatua mgongoni kwa upole, kijani kikakolea, hadi vinyweleo vya miguu vikaonekana. Binti akapiga kelele za furaha.

Kwenye kompyuta binti akaikuza picha, akaikuza tena, akasogeza uso. Ndani ya mgongo ule wa kijani, kama kwenye kioo, kulikuwa na kitambaa cheupe: upande mmoja kimeumwa na mzee mwenye upara, kifua wazi, macho yamemtoka; upande wa pili kimeshikwa na mwanamke anayecheka.

"Jamani, nifute," mzee akasema, ameziba uso. "Nifute kabla watoto wa watu hawajaniona."

"Hawatakuona, Baba. Uko mdogo mno."

"Sasa si unifute tu?"

"Mimi nitakuona," akajibu, akamtumia mpiga chapa picha ilivyo.