Koti la Muuguzi wa Rwambuzi

Muuguzi wa kituo chetu cha afya, hapa Rwambuzi, ana mikono mipana kama ya fundi matofali, lakini kijiko cha chai hukishika kwa vidole viwili tu. Akishakoroga pakiti ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, huonja kwanza yeye mwenyewe, akakunja uso, na kina mama kwenye benchi hucheka.

Jumanne moja mama mmoja, Priscille, alimleta mwanawe wa miezi kumi, anaharisha, macho yamezama, analia bila machozi. "Nilimukatalia maji tangu jana, papa," alimwambia muuguzi. "Kila kitu iko napita tu."

"Na baba yake akiharisha, anaachaka pombe?"

"Ule? Hata kidogo!"

Benchi zima lilicheka, naye Priscille akacheka huku akijifuta macho. Muuguzi hakucheka. Alimpakata mtoto, akampa kijiko kimoja, akangoja, akampa kingine. Mtoto alipotapika, alingoja dakika kumi, kisha akaanza upya, polepole zaidi, akimnong'oneza kama mtu anayebembeleza deni. Saa mbili zilipita hivyo. Ghafla muuguzi aliruka kutoka kitini, koti lake jeupe limelowa kuanzia kifuani mpaka gotini.

"Amekojoa! Maji imebakia mu mwili! Muone, amenikojolea!"

Alipita mbele ya benchi akilionyesha koti kwa kila mama. Priscille, kwa aibu, alimkimbilia na kitenge ampanguse.

"Wacha, mama," alisema, akirudi nyuma. "Hii nitaivaa mpaka jioni."