Mgongo wa Baba Mkwe

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mchumba wa mtu, na shingoni nilikuwa na matezi matatu ya kifua kikuu. Uchumba niliutangaza, matezi niliyafunga mtandio. Usiniulize kifua kikuu kilifuata nini shingoni. Nami nilimbishia daktari, nikajipiga kifua mbele yake kumwonyesha kilivyo kizima.

Kila asubuhi nilitoka kwetu Kihesa, pale Iringa, nikashuka zahanati kuchomwa sindano ya makalio, kisha vidonge. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Homa ilikoma, mashavu yakarudi, nikala ugali bila haya. Mwezi wa pili, mimi nanenepa na matezi nayo yananenepa. Mama yangu, Mhehe asiyekubali kushindwa hoja, akaamua kwamba dawa inachomwa chini lakini inapanda na kujaa shingoni. Akanilundikia mito mitatu ili usiku ishuke. Wiki nzima nililala kama abiria anayesubiri basi.

Nesi alipoisikia habari ya mito alicheka mpaka akakaa chini.

"Kinga ya mwili wako ilikuwa imechoka," alisema. "Dawa imeipa nguvu, sasa inapigana kupita kiasi. Mbwa akiumwa, hata mwizi anapita. Akipona, anabwekea mpaka wageni. Hayo matezi ni kubweka tu. Ila ukikatisha sindano, mwizi anarudi."

Wageni nao wakaja kweli. Baba mkwe mtarajiwa na dada yake walituma habari kwamba wanatoka Mbeya, watakaa kwetu siku tatu kupanga harusi.

"Siku hizo tatu huendi sindano," mama alisema. "Ndo zinakuvimbisha. Watasema tunawapa mgonjwa."

Nilinuna. Kuolewa nilitaka, na kupona nilitaka, na sikuona kwa nini nichague.

Wakwe zangu ni Wanyakyusa, na kwao mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye, tangu siku ya posa mpaka kaburini. Kwa hiyo walipofika jioni nilijifungia jiko la nje, na mama akafurahi kuliko mila yenyewe. Kulipokucha, baridi ikamtoa mzee ndani. Akabeba kiti, akaenda kuota jua palepale kwenye lango la ua, na njia nyingine ya kutoka hatukuwa nayo.

"Unaona," mama alininong'oneza. "Hata mila imekataa."

Jua lilipanda. Shangazi, yule dada yake mzee, alipoingia jikoni kufuata chai alinikuta nalia.

"Kuna nini, mwanangu?"

Nikafungua mtandio. Nikamweleza yote, na mbwa wa nesi nikamtia humo humo. Mama aliangusha upawa. Shangazi aliyagusa matezi moja moja.

"Unakula?"

"Anatumaliza," mama akajibu kabla yangu.

Shangazi hakucheka. Alitoka, akasimama mbele ya kaka yake, wakaongea Kinyakyusa kirefu, naye akishika shingo yake mwenyewe kumwonyesha. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango nikijua uchumba umekwisha. Niliogopa sana.

Mzee akainuka. Akakisogeza kiti kando, akaenda kwenye michongoma ya ua, akasimama ameigeukia, mikono nyuma, kofia imeshuka masikioni. Shangazi akanipungia mkono. Nilipita mbio, nimejitanda kitenge mpaka puani. Nilipomkaribia, mzee akaiambia michongoma, kwa Kiswahili na kwa sauti ya kusikika:

"Nyie michongoma, kama kuna mtu anakwenda sindano, mwambieni asikose hata siku moja. Harusi itamngoja."

Siku zote tatu alisimama hivyo nikienda, na akasimama tena nikirudi. Mama naye akaanza kuniamsha mapema nisichelewe, kama vile wazo lilikuwa lake.

Matezi yalibweka miezi miwili zaidi, kisha yakanyamaza. Harusi ilingoja mpaka nikamaliza vidonge. Baba mkwe aliishi miaka mingi, nasi tukakaa nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja bila kuonana hata mara moja. Uso wake nimeuona kwenye picha tu. Lakini mgongo ule ningeutambua hata katikati ya soko la Mwanjelwa, kule Mbeya.