Matundu ya Boti ya Njano

Siku ile ufukweni Kalundu, kwetu Uvira, tulikuwa hawa: mimi, mdogo wangu Esperansi, Riziki ambaye ndiye wa mwisho kwetu, jirani yetu Baba Sifa, aliyevua samaki tangu mimi sijazaliwa, na Kabika, sentineli, yaani mlinzi, wa ile nyumba ya wageni iliyokuwa imefungwa. Nawataja kwa majina kwa sababu wote wako hai, unaweza kuwauliza mmoja mmoja. Wa sita alikuwa kijana mwenye suruali iliyolowa. Siku ile hatukulijua jina lake, na yeye huwezi kumwuliza.

Najua kuna watakaocheka. Wacheke. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, sina maneno makubwa, lakini akili zangu ni timamu na pombe sijui hata ladha yake. Na haya hayakunipata gizani, ambako mtu anaweza kuona kisiki akadhani ni mtu. Yalinipata jua likiwaka.

Baba alikufa kwenye barabara ya Luberizi, velo yake, baiskeli, ikiwa imepakia mchele wa watu. Mama akaugua, akamfuata. Watu wema waliturudishia velo. Hicho ndicho kitu pekee cha maana tulichobaki nacho, pamoja na mimi mwenyewe, mkubwa wa nyumba, na midomo miwili ya kulisha.

Kwetu mwanamke husubiri samaki nchi kavu. Hununua, huanika, huuza. Kupanda mtumbwi wa watu kwenda kuvua, hapana. Wanasema nyavu zitarudi tupu. Vita vilipokaribia mji, wavuvi wengi wakaogopa kutoka, ndagala, dagaa wetu, zikawa adimu, na sisi wauzaji tukabaki na mabeseni matupu. Nikawaza: kama hawanitaki kwenye mitumbwi yao, nitatafuta wangu.

Ndipo Kabika akaniambia habari za boti mbili. Kwenye ile nyumba ya wageni zamani walikuwa wanakuja watu kupumzika mwisho wa juma, kuogelea na kupiga kasia kwa kujifurahisha tu. Mwenye nyumba alikuwa amekimbia. Alimwachia Kabika funguo na zile boti za plastiki badala ya mishahara. Kabika alitaka velo ili apeleke watoto wake kusini, kwao. Velo moja kwa boti moja. Nichague.

Unaelewa nilikuwa na nini mkononi? Nikichagua vibaya, hakuna velo nyingine.

Boti ya kwanza ilikuwa nyekundu, ndefu, nyembamba, imechongoka kama samaki mkeke. Juu ina mdomo, unaingiza miguu ndani mpaka kiunoni. Ya pili ilikuwa ya njano, fupi, pana, haina ndani kabisa. Unakalia juu yake kama unavyokalia jamvi. Na pale unapokalia kulikuwa na matundu ya mviringo yaliyopenya mpaka chini. Ukichungulia unaona mchanga.

"Yaya, hii ni beseni ya kuoshea vyombo," Riziki akaniambia mimi, dada yake mkubwa.

Baba Sifa, niliyemwomba aje kunisaidia, alizunguka zile boti akizigonga kwa kifundo cha kidole. "Mutoto, sikiliza minye. Chukua nyekundu. Hii iko na tumbo. Ile haina tumbo, na iko na matundu! Weye umeona wapi mtumbwi uko na matundu?"

"Bazungu ndiyo banatengeneza vile, Baba Sifa," Kabika akajitetea.

"Bazungu banajua kuogelea. Huyu anajua kuuza ndagala."

Esperansi akacheka mpaka akajishika mbavu. Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimeshaelekeza mkono kwenye ile nyekundu, niamini, nilikuwa nimeshaigusa, sauti iliposema nyuma yetu:

"Jambo, baba. Jambo, dada. Mbona munachagulia boti kwenye mchanga?"

Alikuwa kijana mrefu, mwenye matamshi ya watu wa juu milimani. Alitokea upande wa matete. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji, na shati lake limemganda mwilini. Hatukushangaa. Ufukweni, nani halowi? Baba Sifa alimwuliza kama anajua boti. Alisema anazijua hizo mbili. Kabika aligeuka, akainama kufungua fundo la kamba ambalo, nikikumbuka vizuri, lilikuwa limeshafunguliwa.

"Weka zote kwenye maji," yule kijana aliniambia. "Kaa. Halafu inama kama unavuta samaki mukubwa. Boti itakuambia yenyewe."

Tukazisukuma majini, nikaingiza miguu kwenye ile nyekundu. Niliinama kidogo tu kulia, kidogo tu, nikajikuta kichwa kiko chini na miguu imebanwa ndani. Baba Sifa alinivuta kwa kitenge. Riziki alikuwa anapiga makofi kana kwamba nimefanya mchezo.

Yule kijana hakucheka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Hiyo hapana," alisema. "Hiyo ni ya kukimbia. Weye hukimbii, weye unavua. Panda ya pili."

Nikapanda ile ya njano. Nikainama kulia, nikainama kushoto. Akaniambia nikae upande, niteremshe miguu yote miwili majini kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Boti ikayumba, ikatulia. Akaniambia nisimame. Nikasimama! Mimi, ambaye hata kwenye mtumbwi wa mbao sikuwahi kukaa! Nilipoketi tena akaja akakaa nyuma yangu, aone kama inabeba wawili.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mtu mzima akipanda chombo, chombo kinashuka. Kinashuka hata akiwa mwembamba kama unyasi. Ile boti haikushuka. Maji yalibaki pale pale yalipokuwa. Baba Sifa, mtu wa maneno mengi, aliinama akachungulia mstari wa maji ubavuni mwa boti.

"Mimi siwezi kuipima," yule kijana alisema polepole, kama mtu anayeona haya. "Uzito ni wako. Ongeza wadogo zako, uone."

Esperansi na Riziki wakapanda, boti ikashuka kama inavyopasa, ikatubeba wote watatu bila kulalamika. Yeye akateremka. Niligusa pale alipokuwa amekaa na ile suruali yake inayochuruzika. Palikuwa pakavu, pana joto la jua.

"Matundu nitaziba leo jioni," Baba Sifa alisema, nadhani ili tu aseme kitu. "Pamba na mawese na lami. Haitaingia tone."

"Usizibe, baba. Maji yanapita na kushuka. Ukiziba, yatakaa juu pamoja na hawa watatu."

Akaondoka kupitia matete. Nikampa Kabika velo. Sikumshukuru yule kijana hata kwa neno moja, maana nilikuwa bado napatazama pale mahali pakavu.

Sasa niambie, wewe ungeyaacha yale matundu? Kwetu hakuna chombo kinachoingia majini kikiwa na tundu hata la sindano. Kabla ya msimu wanaume wanakaa ufukweni wakiziba nyufa, na mwenye mtumbwi unaovuja huitwa mvivu mbele ya watoto wake. Baba Sifa aliziba kwa moyo safi, na mimi nilimshikia kopo la lami. Boti ikapendeza. Nikawa navua karibu na ufuko, ziwa likiwa limetulia, na jioni nyumbani kukawa na harufu ya samaki. Wavuvi walinitania. "Mama Beseni, leo umeosha sahani ngapi?" Nami nawaonyesha samaki, kuhe wawili watatu waliofungwa kwa ukindu, wanarudi kwenye nyavu zao.

Halafu vita vikaingia mjini.

Sitakuambia niliyoyaona barabarani. Asubuhi hiyo watu wote waliteremka Kalundu. Boti kubwa zilikuwa zimejaa mpaka watu wananing'inia pembeni. Baba Sifa na familia yake walikuwa wamepata nafasi kwenye mojawapo, na alinipigia kelele nimpe angalau Riziki, lakini boti ilikuwa inaondoka. Risasi zilikuwa zinasikika upande wa Mulongwe, ndani ya mji. Nikaburuta ile ya njano mpaka majini, nikamweka Riziki katikati, Esperansi mbele, tukakata maji kuelekea Burundi, ng'ambo.

Tulienda vizuri mpaka milima ya upande wetu ikaanza kufifia. Ndipo upepo ukateremka kutoka huko juu. Wanaojua ziwa letu wanaujua; hauombi ruhusa. Wimbi la kwanza lilipita juu yetu, maji yakajaa pale tulipokaa. La pili likaongeza. Maji hayakuwa na pa kwenda. Tukiinama kulia yanakimbilia kulia, boti inalala. Tukirudi kushoto yanatufuata. Esperansi alikuwa anachota kwa kikombe. Kikombe dhidi ya ziwa! Riziki aliacha kulia, na hilo lilinitisha kuliko kilio chake.

Nilipogeuka nyuma, alikuwa pale. Amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, kama mtu aliyesimama kwenye kijito, mahali ambapo hata kamba zote za Uvira zikiungwa hazifiki chini. Shati lile lile.

"Dada," alisema, wala hakuinua sauti, "toa."

Nilijua anasema nini. Lakini hebu fikiria: uko katikati ya ziwa, chombo kinazama, wadogo zako wawili wamekushika nguo, na mtu anakuambia ufungue matundu.

"Yaya, usifanye! Utatuua!" Esperansi alipiga kelele aliponiona nimeshika kisu cha samaki. Alikuwa anamwona yule kijana, ameniambia baadaye, alimwona wazi kama mimi.

Nilitazama ile boti. Nikakumbuka haikushuka alipoikalia. Mtu wa namna hiyo ana faida gani kunidanganya? Nikachimba lami kwenye tundu la kwanza. Maji yakaruka juu kidogo, halafu yakageuka, yakaanza kushuka kwa kuzunguka kama yanavyoshuka kwenye bomba. Kabla sijafikia la pili, pamba yake ilichomoka yenyewe kutoka chini, kama imesukumwa kwa kidole. Kisha la tatu, kisha la mwisho.

Boti ikanyanyuka. Wimbi likija linatulowesha, linapita, linaondoka. Yakabaki maji ya kulowesha vidole vya miguu tu.

Yeye akashika nyuma ya boti. Nilisikia kile nilichokuwa nasikia Baba aliponifundisha velo, ule mkono nyuma ya kiti unaokuzuia usianguke. Tukaenda hivyo muda mrefu, mimi nikipiga kasia. Mwisho yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Dada, nyumbani Rurambo banasema nilienda kwa wenye bunduki. Mama yangu iko anajificha macho ya watu, anaona haya. Mwambie sikushika bunduki hata siku moja. Mwambie niko ziwani. Asiniwekee chakula."

"Mama yako ni nani?"

"Mama wa Filipo. Uliza nyumba iko juu ya kanisa, kwenye mikaratusi."

"Nitamwambia, kaka."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Safari hii sikusahau. Nilisema asante. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kirundi, nikasema tena, na Riziki naye akasema, kwa ile sauti yake ndogo iliyokuwa imerudi. Boti ilipogusa mchanga niligeuka. Nyuma kulikuwa na maji tu.

Kambini, Burundi, nilikutana na Kabika, ambaye kusini hakufika. Nilipotaja jina la Filipo alikaa chini. Filipo, akaniambia, alikuwa kijana wa kufyeka majani pale nyumba ya wageni. Siku moja mtoto wa mgeni alichukuliwa na upepo juu ya ile boti ya njano. Filipo akarukia ile nyekundu, kwa kuwa ndiyo ya mbio, akamfuata. Mtoto alirudishwa na mawimbi, mzima. Nyekundu ilirudi ikiwa imepinduka, bila yeye. Wakati huo huo vijana wengi walikuwa wanachukuliwa na wenye bunduki kule milimani, na watu wa kwao wakaamua wenyewe kwamba na yeye ameenda huko. Kabika aliniambia kwamba ufukweni siku ile aliitambua ile suruali, akaogopa kuinua macho.

Tumerudi Uvira. Mimi bado navua kwa ile boti, Esperansi anasoma, Riziki ameota meno mapya. Kila asubuhi kabla sijapiga kasia naweka mkono juu ya maji na kusema asante. Matundu yako wazi. Na kuna siku upepo unapoanza, nasikia nyuma pameshikwa kidogo, panatulia, na sigeuki.

Wewe unayetafuta chombo, usikichague kwenye mchanga, wala usidanganywe na mbio. Kitie majini, kaa, inama. Na mtu aliyelowa akikuambia acha matundu wazi, usingoje katikati ya ziwa ndipo umwamini.

Lakini Rurambo sijafika. Nimejaribu. Mara ya kwanza wenye bunduki walitugeuza pale Luberizi, mara nyingine tulisikia milio ya risasi tukiwa tumeanza kupanda. Watu wananishauri nitume ujumbe kwa telefone ya mtu. Siwezi, nilisema kwa mdomo wangu. Kule juu kuna mama anayepita njia ya nyuma ili asikutane na majirani, na jioni anaacha sahani moja imefunikwa. Kama wewe utapanda huko kabla yangu, tafuta nyumba iliyo juu ya kanisa, kwenye mikaratusi. Usimwambie habari yenyewe, hiyo ni yangu. Mwambie tu kuna binti wa Uvira yuko njiani, anakuja.