Kichupa cha Namba Themanini

Jirani yangu anajenga, na tangu juzi mashine ya kuchanganya zege inazunguka nje ya dirisha langu: mawe yanapanda, mawe yanaanguka. Wengine inawaumiza kichwa. Mimi inanirudisha Ilembo, Mpanda, kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa padri. Leo nawaambia nyie.

Mama yangu alikuwa anachenjua dhahabu. Kila asubuhi alikwenda mwaloni, kule wanakoosha mchanga wa dhahabu, mdogo wangu Gasto akiwa mgongoni, na jioni alirudi na tope jekundu mpaka kwenye nyusi. Mchanga ule aliuchanganya na mekyuri, kile kimiminika cheupe kama fedha kinachokamata chembe za dhahabu. Kidonge kilichopatikana alikuja kukichoma nyumbani, jikoni, kwenye kijiko kikuukuu juu ya jiko la mkaa, mpaka ikabaki dhahabu kama punje ya mtama. Punje hiyo ndiyo iliyonivisha sare. Lakini nilipomwona anakuja njiani nami niko na wenzangu, nilikuwa nainama, najifanya nafunga kamba za viatu.

Nilikuwa kidato cha pili Madam Neema, mwalimu wetu wa kemia, alipoingia darasani na mifuko ya saruji aliyoishona pamoja na kuichorea jedwali la elementi. Vitabu vyetu vilikuwa vya Kiingereza na vilitutisha. Yeye alifunga mlango akatuambia kwa Kiswahili:

"Msiogope. Huu ni mtaa tu. Kila elementi ina nyumba yake, na nyumba ina namba."

Haidrojeni namba moja, nyepesi kuliko wote. Kaboni namba sita, ndiyo mkaa wa jikoni kwenu. Oksijeni namba nane, hiyo tunayovuta. Wanaokaa safu moja kwenda chini wana tabia za ukoo mmoja. Wale wa safu ya mwisho kulia, akina heliamu na neoni, wana maringo, hawachangamani na mtu. Sodiamu ukiitupa majini inalipuka, klorini ni sumu, ila wakioana hao wawili wanazaa chumvi ya mboga. Mmoja wetu akauliza kwa nini chuma kiandikwe Fe, na dhahabu Au.

"Majina ya zamani ya Kilatini," Madam akasema. "Kama bibi yako. Mtaani ni Bibi Jeni, kwenye cheti cha ubatizo ni Skolastika."

Tulicheka, na kwa mara ya kwanza nikaipenda kemia. Kisha akatupa kazi: kesho kila mtu aje na elementi moja kutoka kwao. Nikawasikia wenzangu wakipanga. Huyu msumari, yule waya wa shaba, yule kifuniko cha sufuria ya aluminiamu. Wa mkaa walikuwa wameshafika saba. Sikutaka kuwa wa nane.

Asubuhi, mama alipokuwa anamwogesha Gasto, nilivuta kopo lililokuwa chini ya kitanda nikatoa kichupa chake cha mekyuri. Kilikuwa kidogo kama cha dawa ya macho, lakini kizito ajabu.

Nilipokiweka mezani darasa zima lilisema "Eeeh!" Kitone kikubwa kilikuwa kinabiringika ndani kama kitu chenye uhai. Madam Neema alikiinua, na uso wake ukabadilika.

"Devota, umeitoa wapi hii?"

"Kwa mjomba, Madam. Ni mhandisi, yuko Dar es Salaam."

Sina mjomba mhandisi. Sijui hata neno lile lilitoka wapi.

Akatuambia kwamba hiyo ni zebaki, namba themanini, Hg, metali iliyo kimiminika. Ukiichoma inageuka mvuke usioonekana wala kunuka, unaingia mapafuni, unakwenda kukaa kwenye ubongo na figo. Watoto wadogo ndio inaowaumiza zaidi. Kisha akanitazama.

"Kuna mtu anaichoma kwenu?"

"Hapana, Madam."

Huku mdomo ukisema hapana, macho yangu yalikuwa yanamwona Gasto mgongoni, ananyoosha shingo juu ya bega la mama achungulie kijiko kinavyometameta. Madam alikifungia kichupa kile kabatini. Mimi nilipigiwa makofi.

Jioni mama akakikosa. Aliyejua kopo linakaa wapi ni mmoja tu nje ya nyumba yetu: Mama Kulwa, jirani na mwenzake wa mwaloni, waliyekuwa wakipeana naye hadi chumvi. Mama alikwenda mlangoni kwake, na mimi nikasikia kila neno.

"Mama Devota, mimi? Mimi nikuibie?"

"Nani mwingine anajua?"

Mama Kulwa akaurudisha mlango. Kuanzia kesho yake akawa anapita njia ya nyuma kwenda mwaloni. Nami nilinyamaza. Wiki nzima mama aliendelea kuchoma, kwa mekyuri ya kuazima, nami sikumwambia lolote nililofundishwa, kwa maana angeuliza somo hilo lilianzaje.

Jumamosi Madam Neema akabisha hodi. Mama alimpangusia kigoda, akamletea chai, akaketi mkekani. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nimekuja kumuulizia huyo mjomba wake Devota," Madam akasema taratibu. "Yule mhandisi. Alimpa mtoto zebaki alete shule."

Mama alinigeukia. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua, neno kwa neno, mpaka mwisho. Halafu akaficha mikono yake yenye tope chini ya kanga.

"Ndiyo, Madam," akasema. "Ni kaka yangu. Ameshasafiri."

Madam alikiona kijiko cheusi kando ya jiko. Nina hakika alikiona. Lakini naye alikuwa mtu wa heshima. Akasema kama anayezungumzia watu wengine: hao wanaochoma huko mtaani, waambie wachomee nje, mbali na nyumba, wasimame upepo unakotokea, watoto wasikaribie, maana ule mvuke unawaingia mwilini. Mama aliitikia kila neno. "Nitawaambia."

Alipoondoka, mama hakunipiga. Alinishika mkono tukaenda kwa Mama Kulwa, akapiga magoti kizingitini. "Kichupa kimeonekana. Nilikusingizia, nisamehe." Mama Kulwa alinitazama mimi, siyo yeye. "Yamekwisha," akasema. Lakini chumvi hawakupeana tena.

Tangu siku hiyo mama hakuchoma tena ndani. Wiki ile ile, tukipepeta mchele, aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Madam aliwaambia, ikishaingia kwa mtoto, inatoka?"

Nikasema sijui. Kweli sikujua. Ningeweza kumuuliza Madam Jumatatu, lakini angetaka kujua nani anauliza, kwa hiyo sikumuuliza.

Gasto yuko Inyonga sasa, anaendesha bodaboda, mzima, namshukuru Mungu. Mama vidole vinamtetemeka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Madaktari wanasema huenda ni umri. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba Jumamosi ile mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa Madam, mtu pekee aliyeweza kumjibu, swali likiwa mdomoni, akalimeza ili mwanawe asiumbuke mbele ya mwalimu.