Mafuta ya Cherehani kwenye Platini

Harufu ya mafuta ya cherehani hunisimamisha hadi leo. Juzi fundi alikuja kutengeneza bawaba za mlango wangu, akatoa kikopo chenye mdomo mrefu, na kabla hajadondosha tone la pili nilikuwa nimeshaweka sufuria chini na kushika meza. Mtanicheka, najua. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya pilau. Mimi nimepewa mafuta ya cherehani.

Tulikaa Biryogo, hapa Kigali, miaka ya themanini ikianza. Baba alikuwa fundi nguo, na barazani kwake kulikuwa na cherehani mbili: yake, na ile ambayo marehemu mama alimwachia dada yangu Zainabu. Baba alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa mafuta ya mashine. Fundi mwenzake akileta cherehani yake kushonea pale kwa siku mbili tatu, baba angemkaribisha chai na mandazi, lakini kikopo hakitoki. "Mashini ya watu siitii mafuta yangu," alizoea kusema. "Kesho inarudi kwa mwenyewe."

Zainabu alishona vizuri, ila moyo wake haukuwa pale. Mjomba wetu alipohamia Bujumbura alimwachia sanduku la santuri, rumba za Zaire na taarabu, naye alizijua moja moja hadi mikwaruzo yake. Tena alikuwa ameona kitu ambacho wanaume hawakukiona. Kwenye harusi zetu za Kiislamu mwanaume haingii upande wa wanawake, na wapiga disiki wote wa mjini walikuwa wanaume. Kwa hiyo mama zetu walicheza muziki uliowekwa na mtu aliye nje ya ua, asiyejua kama wamechoka au ndio kwanza wamepamba moto. Zainabu alitaka kuwa ndani, anawaona.

Vyombo vya muziki hakuwa navyo. Kimisagara kulikuwa na Muzee Kasimu, aliyetengeneza na kuuza redio zilizotumika, naye alikubali kubadilishana kwa cherehani ya mama. Baba aliposikia alisema usiache mbachao kwa msala upitao, na aliirudia methali hiyo kila tulipokaa kula, hadi nikadhani ni sehemu ya bismillahi. Mwishowe akatoa sharti. Zainabu achukue vyombo akapige harusi moja, ya binti wa jirani, Jumamosi ile. Akiaibika, vyombo virudi Kimisagara, cherehani irudi barazani, na habari ya muziki isisikike tena nyumbani kwake. Zainabu akakubali. Kasimu naye akaahidi kutoiuza cherehani kabla ya Jumapili.

Tulikwenda kuchagua sote watatu, baba akasimama mlangoni amekunja mikono. Kasimu aliisukuma mbele redio kubwa ya kaseti inayong'aa. "Hii iko nzuri, mama. Iko na taa, iko na milango mbili ya kaseti. Ile platini iko ya zamani." Mimi nilishaipenda ile ya taa. Lakini Zainabu alisema kaseti utaizungusha hadi lini kuutafuta wimbo, na shangazi wa bwana harusi anautaka sasa hivi, tena anautaka mara mbili? Kwenye santuri unanyanyua sindano na kuiweka pale unapotaka. Akaifunua ile platini, mashine ya kuchezea santuri, akaondoa sahani yake, na chini akaona ukanda wa mpira unaoizungusha, kama ule wa cherehani.

"Iko na mukanda," alisema, kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Baba aliacha mlango. Aliinama, akagusa ukanda kwa kidole, akasema tu kwamba mashine hiyo ni kavu. Tukaondoka na platini, ampli yake ya kukuza sauti na spika mbili, na cherehani ya mama ikabaki Kimisagara. Sikupenda kuangalia nyuma.

Jumamosi alfajiri niliamka kwenda kuchota maji. Sebuleni baba alikuwa amepiga magoti mbele ya platini iliyo wazi, kikopo mkononi, anadondosha. Alidondosha kwenye mhimili, kwenye puli inayouvuta ukanda, na, nilimwona kwa macho yangu, kwenye ukanda wenyewe. Aligeuka akaniona. "Nenda kachote maji," alisema taratibu.

Nilikwenda. Mtoto wa fundi hujua kwamba ukanda wenye mafuta huteleza. Nilijua anachofanya: anaiua. Ataiharibu, Zainabu ataaibika, na sharti litatimia bila yeye kugombana na mtu. Siku nzima nililipima jambo hilo. Nikimwambia Zainabu, yeye na baba hawatapatana tena. Na tangu mama afe, watu hao wawili ndio waliokuwa nyumba yangu. Nikinyamaza, dada yangu amekwisha. Nilinyamaza, nikimwomba Mungu baba awe amekosea mahali pa kudondosha.

Alasiri ua wa jirani ulijaa wanawake na marashi. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri, hata nikaanza kupumua. Kisha, wakati bibi harusi yuko mlangoni anasubiri kutolewa, sauti ya mwimbaji ikaanza kushuka. Ikashuka, ikavutika, ikawa ya mzee anayesinzia. Mikono iliyokuwa juu ikateremka. Shangazi mmoja wa bwana harusi, aliyetoka Kabuga na mdomo wake, akauliza kama mwimbaji amepewa dawa ya usingizi. Wakacheka. Zainabu alibadilisha santuri, ikawa vilevile. Jasho lilimtoka puani.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza kila kitu.

Alinyanyua sahani, akapitisha kidole kwenye ukanda, akakinusa. Sijasahau uso wake. "Baba amenimaliza," alisema polepole, akaiachia mikono yake ikaanguka pembeni. Hakuwa na haja ya kunitazama. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Ndipo sauti ilipotoka nyuma ya ua wa matete. Wanawake wa upande ule walijitanda kanga haraka.

"Zainabu. Mukanda unateleza. Pangusa, halafu paka chaki."

Alikuwa baba. Hakuona kitu kutoka kule. Alisikia tu, kama alivyozoea kusikia cherehani ikiteleza barazani, akaufuta ukanda na kuusugulia chaki ya kukatia nguo. Zainabu aliutazama ule ua. Nilidhani hatatii. Kisha akafungua fundo la kanga yake, na kwa kuwa fundi ni fundi tu, hakukosa kipande cha chaki. Mama wa bibi harusi akatoa chupa yake ya marashi bila kuombwa. Zainabu aliufuta ukanda kwa marashi, yakayakata mafuta, akaupaka chaki, akaurudisha, akaweka sindano.

Mwimbaji akaamka. Sauti ilipanda ikasimama sawasawa, vigelegele vikapigwa, na bibi harusi akatoka. Shangazi wa Kabuga aliutaka wimbo ule mara tatu.

Tuliporudi nyumbani baba alikuwa anashona. Zainabu alichukua kikopo cha mafuta akakiweka juu ya kabati, mbali na platini. Baba aliona, akakohoa, akaendelea kushona. Cherehani ya mama haikurudi tena.

Miaka mingi niliamini kwamba baba alidhamiria kuiharibu, kisha huruma ikamshika katikati ya harusi. Nilimsamehe hivyo, nikijiona mkubwa. Nilikuwa na watoto wangu wakati mgeni mmoja alipoacha cherehani yake kwangu, nami nikamwambia mwanangu asiyapoteze mafuta yetu kwenye mashine ya watu, kesho inarudi kwa mwenyewe. Maneno yalinitoka kama yalivyokuwa yakimtoka baba. Nikakaa chini. Lile tone la kwenye ukanda lilikuwa limemponyoka tu katika giza la alfajiri.

Jumamosi ile alfajiri hakuna aliyejua kama Zainabu ataaibika au la, na sharti lilikuwa bado linasimama. Lakini baba alikuwa ameshaitia platini mafuta yake, kama mashine isiyorudi tena kwa mwenyewe.