Kumbe Safari ya Granada Ilikuwa ya Kunipoza

Admin, jina langu lifiche kabisa, Waswahili wa Birmingham tunajuana wote. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, kwetu Unguja. Naishi mtaa wa Nechells na mume wangu, mwaka wa kumi na sita sasa. Mtoto Mungu hakutujaalia. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na siku zote nilijiona nina bahati ya mume mtulivu. Ubahili anao, tena ule wa kuzima taa nikiwa bado nimo chumbani, lakini si mlevi wala mgomvi.

Ndiyo maana alipokuja na habari kwamba ametuandikisha kwenye safari ya Waislamu wa hapa kwenda Granada, Hispania, kutembezwa kwa miguu kwenye majengo ya Waislamu wa zamani, nilimuuliza kama ana homa. Akacheka. Akaninunulia na viatu vya kutembelea. Wanawake wenzangu, nilivyoringa! Picha za vile viatu nilizituma mpaka Unguja.

Tulikuwa kama watu ishirini, kila mmoja na kidude cha kusikilizia maelezo sikioni, tukimfuata mama wa Kihispania aliyenyanyua mwavuli wa manjano ili tusimpotee. Alitupitisha kwenye soko la zamani la hariri, tukaingia hamamu ya kale kando ya mto, kisha tukaanza kupanda vichochoro vya mtaa wa kale wa Albaicín, mawe matupu. Nikamwambia mume wangu, "Hivi vichochoro si kama vya Mji Mkongwe?" Akaitikia "Mmh" tu, macho kwenye simu.

Mswahili mwingine kundini alikuwa mmoja, Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Tanga anayeishi Coventry. Tulipofika juu, pale watu wanapopigia picha ile ngome ya Alhambra ng'ambo ya bonde, akakaa karibu yangu akanipapasa goti. "Hongera kwa subira, mwanangu. Na yeye kakupoza vizuri, Spain yote hii! Mimi baba watoto alipoongeza mke nilipewa blenda."

Nikacheka, nikajua ananitania. "Napozwa kwa lipi tena, bibi?"

Akaacha kutafuna karanga zake. "Si ile harusi ya Tanga? Dada yangu ndiye aliyepika biriani."

Kwa wasiojua, kwetu mwanamume akioa mke wa pili humpa wa kwanza kitu cha kumpoza roho. Wengine dhahabu, wengine kitanda. Bi wa watu aliniona Hispania, akaamini nimeshaambiwa. Simlaumu.

Nikamfuata mume wangu. "Umeoa?" Akagusa sikio. "Sikiliza guide kwanza, tutaongea hotel." Nikakichomoa kile kidude. "Umeoa?" Akaangalia chini. "Nilitaka nikwambie leo leo, tukimaliza Alhambra."

Yaani mimi nilipangiwa kuumia baada ya kutalii! Ile ngome nilizungushwa kwa muda wa saa tatu na sikuona kitu. Nililia kwenye kila chemchemi, na mama wa mwavuli akadhani nimeguswa na historia, akanipa tishu.

Ningekuwa nalilia ukewenza tu, nisingewaandikia. Mama yangu aliishi nao, na mimi ningejikaza. Lakini ndoa yetu ilifungwa msikitini hapa hapa, na imamu alituambia twende tukaiandikishe serikalini. Mume wangu akasema, "Tumeshaoana mbele ya Mungu, makaratasi yao ya nini?" Nikakubali, nilikuwa na miaka ishirini na saba na nampenda. Tukasema tutaenda baadaye, hatukwenda. Leo kwa serikali ya hapa yeye ni kapera, na wa Tanga ataingia kwa visa kama mke wake wa pekee.

Sasa amenipa barua ya kuambatisha kwenye maombi ya hiyo visa, nitie saini. Inasema mimi ni binamu yake, nimepewa hifadhi chumba cha nyuma. "Ni karatasi tu," ananiambia, "wewe utabaki kuwa bi mkubwa." Nilikwenda kwa mwanasheria. Akaniomba cheti cha ndoa, nikampa cha msikiti. Alikisoma, akakikunja vizuri, akanirudishia. Nyumba ina jina la mume wangu. Nilimpigia kaka yangu Unguja, akasema, "Vumilia dada, hapa kwetu chumba hakuna." Wazazi wote walishatangulia.

Barua anaitaka Ijumaa. Nikitia saini, nimekubali kwa mkono wangu kwamba miaka kumi na sita nililala na binamu yangu. Nisipotia, atatafuta mtu mwingine wa kumwandikia, na mimi nitatolewa hata kwenye hicho chumba cha nyuma. Ndugu zangu, msinipe pole, pole nimeshapewa nyingi. Mwenye kujua aniambie ukweli hata kama unauma: kuna chochote kilichobaki ambacho ninaweza kusema ni changu?